Shemeji, kijiko cha wali na bia ya kopo

Sasa bwana, mimi ni Mchagga wa Marangu, nimekulia nyumba inayopika mbege, ndizi zinachemshwa zinalazwa, ulezi unaoteshwa mpaka unakuwa kimea, gome la msesewe la kutia uchungu lipo jikoni, kwa hiyo nilivyokuta huku Reading, Uingereza, wanauza bia ya kujitengenezea kwenye kopo nikacheka sana. Kopo lenyewe limejaa kimea kizito cheusi kinachonata, kimeshatiwa hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu, juu wamekuwekea kapakti ka hamira. Basi. Bibi yangu angeona angeuliza sasa kazi ya mpishi ni ipi.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunaishi naye hapa, yeye hofu yake ilikuwa polisi tu. Nikamwambia tulia, hii siyo gongo. Uingereza walifuta leseni ya kupika bia nyumbani tangu 1963, pika unywe ila usiuze, cha kukufikisha pabaya ni kukeneka pombe kali. Akatulia. Na hapo ndo balaa lilipoanza maana akishatulia anakuwa fundi.

Kopo lile lina kilo 1.7, unamwaga kwenye ndoo, unaongeza sukari kilo moja na maji mpaka lita 23, zinatoka painti 40 hivi. Kazi kubwa asee ni kuosha, kila kitu kinapita kwenye dawa ya kuua vijidudu, hadi mwiko. Halafu hamira inataka joto, nyuzi 18 mpaka 24, na ilikuwa Januari, na bili ya gesi mnazijua, kwa hiyo nikaivisha ndoo duveti ya wageni. Mke wangu akawa anapita anauliza mwenzangu ameamkaje leo.

Karatasi inasema subiri mpaka haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, isome namba ileile siku kadhaa, ujue hamira imemaliza kula sukari. Shemeji hakuelewa kabisa. Akampigia bibi yangu Marangu video ya WhatsApp kunishtaki, bibi akacheka mpaka simu ikamponyoka, akasema mbege inanywewa ikiwa bado inachemka nyie mnasubiri nini? Toka siku hiyo sikuwa na sauti humu ndani.

Lakini nilikomaa, ikasubiriwa, siku ya kujaza chupa ikafika. Kila chupa inatiwa nusu kijiko cha chai cha sukari, hamira iliyobaki inaila inatoa gesi, ndo bia inapata povu. Nikiwa kwenye chupa za mwanzo tu kazini wakapiga simu, mtu hajaja shifti. Shemeji akasema nenda, niachie.

Sasa yeye akaonja. Akaona chungu, tena kavu, sukari yote ile tuliyotia haipo! Akaionea huruma. Akachukua kijiko cha wali, yani kile cha kulia ubwabwa, na siyo nusu, kimejaa hadi kinamwagika. Kila chupa. Akafunga vizuri, akazipanga kwenye kabati la boila, sababu nilishamwambia hamira inapenda joto.

Mimi sina habari. Jumamosi mke wangu ana ushirika wa kina mama sebuleni, Watanzania, Wakenya na mama mmoja Mkongo, maombi yamepamba moto, mama mchungaji anakemea, "Kila roho chafu iliyojificha ndani ya nyumba hii, TOKA!"

PAAA!

Kimya. Mama mchungaji akafumbua jicho moja. Akarudi kwa sauti ya chini kidogo, "Nimesema toka..." PA! PA-PAA! Jamani, kina mama walivyosimama! Mmoja yuko juu ya kochi na viatu, mwingine ameshika Biblia kuelekea kwenye kabati, na mlangoni pale chini povu linatoka taratibu linakuja kwenye zulia.

Aliyetuokoa ni yule mama Mkongo. Akainama, akanusa, akasema, "Mimi mapepo nimefukuza miaka mingi, hayanuke pombe." Mke wangu akanigeukia. Sitaandika alivyoniangalia.

Zilikuwa zimebaki nyingi nzima, na chupa ya namna hiyo ukiigusa tu inaweza kukupasukia usoni, kwa hiyo shemeji akavishwa koti langu la baridi, helmeti ya baiskeli, glavu za bustani na sinia la pilau kifuani, akaanza kuzitoa nje moja moja, mama mchungaji dirishani anaomba kwa lugha, jirani anachungulia juu ya uzio na kikombe chake cha chai. Nyingine ilimfumkia mkononi alipofungua kizibo, ikaruka juu hadi kwenye kamba ya nguo, shemeji akalowa kote. Akasimama pale anachuruzika bia, akajilamba mdomo, akafikiri kidogo.

"Shemeji," akaniita, "bado chungu. Ilitaka kijiko kingine."