Kabla ya kuovateki, rudi nyuma kwanza

Kuna sifa moja wanayopewa waendesha pikipiki ambayo hunichoma kila ninapoisikia. "Huyu dogo anajua pikipiki, hakai nyuma ya lori hata kidogo." Wiki hii nimeisikia tena, safari hii ikitoka kwa mtu mzima mwenye watoto wake, akimsifia kijana aliyembeba. Kijana kasimama pale anatabasamu, na kofia yake ngumu inaning'inia kwenye usukani.

Nilikuwa nimewaona njiani. Mbele yao lori la tela, na gurudumu lao la mbele karibu liguse bampa. Kijana anachungulia upande mmoja, anarudi, anachungulia upande wa pili, anarudi. Abiria kamshika kiuno kwa mikono miwili. Mara wakachomoka, moshi ukabaki nyuma, wakapita. Walifika salama, na kwa kuwa walifika salama basi kila mtu anaona kijana alifanya jambo la kujivunia.

Mimi naona alikosea, na alianza kukosea kitambo kabla hajachomoka. Kosa lake lilianza pale alipolisogelea lile tela mpaka likamzibia dunia yote. Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, kwa sababu tukizungumzia kuovateki tunazungumzia ujasiri, tunazungumzia injini, tunazungumzia nani ana pikipiki nyepesi, lakini ni nadra kusikia mtu akizungumzia macho.

Tela lina upana wa kama mita mbili na nusu na ni refu kuliko mtu aliyekaa juu ya pikipiki. Ukiwa mita tano nyuma yake unaona milango ya nyuma, vumbi, na namba ya usajili. Huoni kona, huoni shimo analokwepa dereva, huoni ng'ombe, huoni gari linalokuja. Ili uone inabidi utoe kichwa, na ili utoe kichwa inabidi uitoe pikipiki yenyewe mpaka kwenye mstari wa kati au kuuvuka kabisa. Kwa maneno mengine, unaingia kwenye njia ya wenzako ili ukaangalie kama wapo. Sasa rudi nyuma mita thelathini, arobaini. Lori lilelile linakuwa dogo. Ukisogea kidogo upande huu wa njia yako unaona kinachoendelea pembeni mwake, ukisogea upande ule unaona barabara iliyo mbele yake, na yote hayo hujauvuka mstari wowote. Kwenye kona unaweza hata kuona upande wake wa pili lori linapokunja. Barabara ni ileile na lori ni lilelile, ila wewe umejirudishia macho.

Halafu kuna dereva mwenyewe wa lori. Ukigandana na tela lake hakuoni. Kama huoni uso wake kwenye kioo chake cha pembeni, na yeye hakuoni, hilo halina mjadala. Akifunga breki ghafla hajui kama kuna binadamu wawili nyuma yake, na wewe huna hata sekunde moja ya kujiokoa. Kwenye spidi ya kilomita 60 kwa saa, pikipiki inakula karibu mita 17 kila sekunde. Hizo mita tano zako zinaisha kabla mguu haujagusa breki.

Sehemu inayoniuma zaidi ni hii ya spidi, kwa sababu watu hudhani kugandana kunafupisha safari ya kupita. Kinyume chake. Ukiwa umelibana tela, spidi yako ni spidi yake. Huna cha ziada. Ukichomoka ndipo unapoanza kutafuta mwendo, tayari uko upande wa wanaokuja, injini inalia, na tela liko pembeni yako halimaliziki. Aliyekaa mbali hushusha gia akiwa bado kwenye njia yake, anakusanya mwendo akiwa bado kwenye njia yake, na anapofika karibu na lori tayari ana tofauti ya spidi mkononi. Akiona njia ni nyeupe anatoka, na upande wa hatari anakaa muda mfupi tu. Akiona taa inatokea mbele, anaachia mafuta na kurudi palepale alipokuwa, nafasi anayo. Yule aliyegandana hana nafasi ya kubadili mawazo, na kuovateki ambako huwezi kubadili mawazo ni kamari.

Tupige hesabu, maana wengi huikadiria kwa hisia. Lori linakwenda 60, wewe unakwenda 80. Unalizidi kwa kilomita 20 kwa saa, yaani kama mita tano na nusu kwa sekunde. Urefu wa lori na tela ni mita 18 hivi. Ongeza nafasi unayoiacha kabla ya kulifikia, ongeza nafasi unayohitaji mbele yake ili urudi bila kumkata dereva. Inafika mita 60. Hapo unahitaji karibu sekunde 11. Ndani ya sekunde hizo wewe umesafiri mita 240, na gari linalokuja kwa 80 nalo limesafiri mita 240. Jumla ni karibu nusu kilomita ya barabara nyeupe, iliyonyooka, unayoiona kwa macho yako. Je, kutoka nyuma ya bampa ya tela uliona nusu kilomita? Kijana yule hakuona hata mita mia.

Najua jibu litakalokuja. Pikipiki ni nyembamba, inachanganya haraka, haihitaji nafasi kama basi. Ni kweli, kwa kiasi. Pikipiki yenye nguvu na mtu mmoja juu yake inaweza kulimaliza lori kwa sekunde chache. Lakini wengi wetu tunaendesha zenye injini ndogo za cc 125 na 150, tena na abiria, tena na mzigo, tena kwenye kilima. Hapo ukiwa kwenye 70 mkono wa mafuta umebaki na nini? Kidogo sana. Na wembamba huo tunaousifia una upande wake mbaya: dereva anayekuja mbele akiona kitu chembamba chenye taa moja hukadiria vibaya umbali wake na mwendo wake. Huenda asipunguze, kwa sababu hajakuona kama unavyodhani amekuona.

Ninakubali pia kwamba kukaa nyuma ya lori kuna adha zake. Kokoto zinaruka, moshi unaingia kifuani, na yule wa gari dogo nyuma yako anapiga honi kana kwamba wewe ndiye uliyemzuia. Wengine wataingia kwenye ile nafasi uliyoiacha. Waache waingie. Rudi nyuma tena.

Jambo la indiketa nalo nilisemee, kwa sababu linaua watu wenye nia njema. Mahali pengi dereva wa lori huwasha indiketa kumwambia wa nyuma "pita." Ni ukarimu, na madereva wengi wa malori wana jicho zuri la barabara. Ila indiketa hiyohiyo ndiyo anayoiwasha anapotaka kukunja. Ukiwa umegandana nyuma yake huna namna ya kujua anakuambia lipi kati ya hayo mawili, kwa kuwa huioni njia ya pembeni anayoielekea. Na hata kama kweli anakukaribisha, yeye amepima nafasi kwa macho yake, hajui una abiria wa kilo ngapi wala injini yako imechoka kiasi gani. Salamu yake ipokee, lakini uamuzi ubaki wako.

Gari lolote linalopunguza mwendo bila sababu unayoiona, usilipite mpaka uijue sababu. Labda linakunja, labda kuna mtoto anavuka mbele yake.

Makutano hayana mjadala, usiovateki. Hasa pale ambapo njia ya pembeni iko upande uleule unaopitia. Anayetaka kuingia barabarani kutoka huko anaangalia magari yanayotoka upande mmoja tu, yale ya njia anayoingilia. Akiona ni shwari anaingia, na hapo anakutana na wewe uso kwa uso, ukija kutoka upande ambao hakuwa na sababu ya kuuangalia.

Usiku, taa moja inayokuja inaweza kuwa pikipiki na inaweza kuwa lori lenye taa moja mbovu. Subiri. Na mwenzako aliye mbele akipita, usimfuate mkiani. Nafasi aliyoiona yeye ilikuwa ya mtu mmoja.

Halafu upepo. Ukiwa ubavuni mwa lori umekingwa, ukilipita pua yake unapigwa kofi la upepo wa pembeni, na abiria naye anayumba. Shika usukani imara bila kuukaza, na usirudi kwenye njia mpaka uwe umeiona taa yake ya mbele kwenye kioo chako, yote, na barabara kidogo mbele yake. Wengi hukata mapema kwa sababu ya hofu, na hofu hiyo walijitengenezea wenyewe nyuma kule, walipotoka bila mwendo na bila kuona.

Kwa hiyo wewe unayebebwa, nina ombi. Ukiona kijana wako amelibana tela, mgonge begani umwambie, "Rudi nyuma kidogo, sina haraka." Hata kama unayo. Akikasirika, shuka kituo kinachofuata utafute mwingine. Na usimsifie kwa kupita. Msifie siku atakayotoka, akaona taa kwa mbali, akarudi kwenye njia yake taratibu, akasubiri.