Hidaya Kanifungia Boti

Mtu akikwambia Hidaya anakuja, utafanya nini? Utafagia uwanja, utamtuma mtoto dukani akalete sukari. Ndivyo nilivyofanya mimi Alhamisi ile, Mei 2, 2024, maana nina shangazi yangu anaitwa Hidaya, yuko Unguja, na hana tabia ya kupiga simu kabla ya safari. Nilikuwa uani nafunga kompresa ya friji, redio iko ndani, nasikia tu: "Hidaya azidi kusogea pwani." Nikasema haya, leo tutalala chini.

Kumbe kimbunga!

Sasa jamani, nani anakipa kimbunga jina la hidaya? Hidaya ni tunu, ni kitu unachopewa ukakitia kabatini. Nikaambiwa majina hayo hutolewa na nchi za ukanda huu wa Bahari ya Hindi, yanapangwa kwa alfabeti, zamu ikifika imefika. Kilichotangulia kiliitwa Gamane, kikaipiga Madagaska mwezi Machi. G imepita, H ikatuangukia sisi, na shangazi yangu ndani yake.

Tatizo langu halikuwa jina. Jumamosi, Mei 4, mpwa wangu alikuwa anaoa Unguja baada ya alasiri, na mimi mjomba ndiye mshenga. Posa nimepeleka mimi, mahari nimepatana mimi, kanzu mpya nimeshonesha mimi, tena kwa deni. Tiketi ya boti ya Jumamosi asubuhi ipo mfukoni. Mama watoto akasema, "Baba, ondoka Ijumaa." Nikamjibu Ijumaa nina friji ya watu, halafu hivi vimbunga vyetu tunavijua.

Na kweli tunavijua. Sisi tumekaa karibu na ikweta, vimbunga hutupita mbali vikaenda kwa wenzetu Madagaska na Msumbiji. Wazee wa Lindi wana chao cha 1952, wakianza kukisimulia chai inapoa. Lakini hivi vya juzi? Mwaka 2019 kilikuja Kenneth, watu wa Mtwara wakaambiwa wahame, kikakata kona kikaenda kuwaumiza watu wa Cabo Delgado. 2021 akaja Jobo. Kwa ajili ya Jobo nilinunua mishumaa boksi zima na nikalala na viatu. Jobo akaishiwa nguvu baharini, Mbagala kwetu hata kanga kwenye kamba haikudondoka. Mishumaa ile mama watoto bado ananionyesha wageni wakija.

Basi nikasita. Ijumaa mchana simu zikaanza: boti za Jumamosi hazitoki. Nikapanda daladala mbili hadi bandarini nikahakikishe kwa macho, nikakuta wenzangu kama mia na mabegi yao, kila mmoja anamweleza mwenzake kwamba yeye ana dharura kuliko wote. Nikamwambia kijana wa dirishani mimi ni mshenga. Akaniuliza, "Mzee, mshenga anajua kuogelea?" Kijana mdogo yule, sawa na mwanangu wa pili.

Wapo walioshauri nipande ndege. Ndege gani, zile ambazo abiria wanapimwa uzito kama magunia ya mkaa halafu rubani anakukalia karibu mpaka unamsikia akipumua? Kwenye upepo huo? Ahsante.

Nikarudi nyumbani na hasira, na hasira nikaimalizia kwenye maandalizi. Nikajaza maji kila chombo, mpaka sufuria la pilau. Nikachaji simu tatu, moja haina laini. Nikamfuata jirani, ana mwembe umelalia bati langu tangu enzi hizo, nikamwomba tukate tawi moja. Akasema huo mwembe ni wa marehemu baba yake. Nikamwuliza, likiniangukia tawi nimdai marehemu? Akafunga mlango. Basi nikaokota matairi mabovu matatu kwa fundi wa pancha, nikayapandisha juu ya bati ili upepo usiling'oe. Watoto wakashangilia. Mama watoto hakusema kitu, na huyu mama asiposema kitu ujue anahifadhi.

Jumamosi alfajiri mvua, upepo unapiga mluzi, umeme hakuna. Saa mbili simu inalia: shangazi.

"Nyinyi huko Bara mna nini na mimi? Tangu jana natangazwa! Hidaya kafika Mafia, Hidaya kaleta mawimbi. Sasa hivi wamesema Hidaya kapungua nguvu. Nani kawaambia nimepungua nguvu?"

Nikamweleza, shangazi, ni kimbunga. Akasema anajua ni kimbunga, hajazeeka kiasi hicho, ila wangemwita jina la mwanamume.

Kwa kweli kimetua huko huko Mafia. Sisi Dar tumelowa na kutishika tu, wenzetu wa Mafia na Kilwa ndio waliokiona. Kaka yangu wa Lindi alikuwa aje Dar Jumapili. Barabara ikakatika pale Somanga, mabasi yakapanga foleni huku na huku ya mto ambao jana yake ulikuwa lami. Yeye simlaumu hata kidogo. Mimi nalaumu tairi.

Maana mwembe wa marehemu umesimama, haukudondosha hata jani la kunipa sababu. Bati langu halikutikisika. Ila saa nne tairi moja liliteleza, likashuka na bomba la maji ya mvua, likavunja banda la kuku, likabingirika mpaka kwenye pipa la maji niliyoyateka jana, likalipasua. Upepo wote wa Bahari ya Hindi haukunigusa, nimebomolewa na tahadhari yangu. Hapo ndipo mama watoto akafungua kinywa. Aliongea hadi adhuhuri.

Arusi ilifungwa. Nafasi yangu akaishika mwenye duka la jirani yao, mtu niliyewahi kumtengenezea friji na bado hajanilipa. Mimi nikawekwa kwenye simu, spika kubwa, nikasikia "nimekubali" na baada ya hapo vijiko. Saa nzima ya vijiko, chaji zangu tatu zikaishia humo.

Shangazi akasema nisinune, nije katikati ya mwezi, nyama ya sherehe ipo kwenye friza. Nikakata tiketi nyingine. Nimekaa uani, kanzu inanyooshwa, redio ikasema kuna kimbunga kipya kimeonekana huko kaskazini ya Madagaska. Nikaacha bisibisi, nikasogea nisikie jina.

Ialy.

Nikashukuru Mungu. Ukoo mzima hatuna shangazi wa jina hilo.