Andika amri nzima, usitegemee go

Anayejifunza kuchakata data za darubini za redio kwa CASA, programu inayoendeshwa kwa amri za Python, mara nyingi huanza na njia ya mkato: andika inp gaincal (gaincal ni kazi ya kukokotoa masahihisho ya data), vigezo vinajipanga kwenye skrini, jaza unavyotaka, maliza kwa go, amri ya kuendesha kazi hiyo. Kwa kuzoea programu, njia hiyo ni nzuri, maana thamani isiyokubalika hutokea kwa rangi nyekundu. Kwa utafiti wenyewe, mimi naipinga.

Tatizo ni kwamba vigezo ulivyojaza vinabaki hai kwenye kikao, na kazi nyingi za CASA zinatumia majina yaleyale ya vigezo: vis (faili la data), field (chanzo angani), spw (sehemu ya masafa). Umeweka field='0' ili gaincal isome chanzo cha urekebishaji peke yake, yaani kile kinachojulikana vizuri na kutumika kupimia makosa. Ukihamia applycal, kazi inayoyatia masahihisho kwenye data, na kupiga go bila kuanza na default('applycal') inayorudisha vigezo kwenye thamani za kawaida, ile '0' bado ipo. Masahihisho yataingia kwenye chanzo hicho tu, na galaksi unayoitafiti haitaguswa. Nyekundu huioni, kwa sababu '0' ni thamani halali kabisa. Kazi inakwisha salama, nawe unasonga mbele kutengeneza picha.

Sasa andika amri nzima kwenye faili la Python: applycal(vis='data.ms', field='2', gaintable=['awamu.cal']). Usichokitaja kinarudi kwenye thamani yake ya kawaida, si kwenye mabaki ya asubuhi. Hata hizo thamani za kawaida inafaa uzijue. Kwenye tclean, kazi ya kutengeneza na kusafisha picha, niter (idadi ya mizunguko ya kusafisha) ni 0, yaani usipoitaja utapata picha ambayo haijasafishwa hata mara moja. Mimi huitaja kila mara, na pia cell (ukubwa wa pikseli) na imsize (ukubwa wa picha kwa pikseli), ili anayesoma faili baada yangu asilazimike kubahatisha.

Zana za CASA nazo, yaani tb (ya majedwali), ms (ya data), ia (ya picha) na wenzake, wengi wanaziogopa bure. Kazi kama applycal hukufanyia hatua nzima. Zana hukufungulia data zenyewe uzitazame. Fungua jedwali la data kwa tb.open, kisha usome safu yake kwa tb.getcol('FLAG'), na unajua ni data kiasi gani zimewekewa alama ya kutotumika. Kumbuka tb.close(), la sivyo jedwali linaweza kubaki limefungiwa na kazi inayofuata ikakwama ikilisubiri.

Hili linatuhusu. Mradi wa DARA, wa mafunzo ya unajimu wa redio barani Afrika, umefundisha vijana wa Kenya, Msumbiji, Zambia na nchi nyingine za Afrika, na darubini kubwa ya redio ya SKA inayojengwa Afrika Kusini na Australia itatoa data nyingi kiasi kwamba hakuna mtu atakayezichakata kwa kupiga go mojamoja. Ninyi mnaofundisha, nawaomba: zoezi la kwanza liwe faili tupu la Python, na mwanafunzi akabidhi faili hilo pamoja na picha yake. Picha isiyo na faili msiipe alama.