Kuta za Chuma Ardhini: Kuziba kwake Kupimwe Vipi?

Mwaka 1991, watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo wakiongozwa na Robert Gillham walifukia mchanganyiko wa mchanga na chembechembe za chuma katika ardhi ya kambi ya kijeshi ya Borden, jimbo la Ontario nchini Kanada, kisha wakaacha maji ya ardhini yaliyochafuliwa na viyeyusho vyenye klorini yapite katikati yake. Chuma kilikuwa asilimia 22 tu ya uzito wa mchanganyiko huo, lakini kwa miaka mitano kiliondoa takribani asilimia 90 ya trikloroethini, kimojawapo cha viyeyusho hivyo, bila pampu wala umeme. Kuta za namna hiyo zikaenea Marekani na Ulaya, na hapo ndipo ubishi ulipoanza: chuma kinachosafisha maji ni kile kinacholiwa na kutu, na kutu huchukua nafasi. Je, ukuta hautaziba kabla sumu haijaisha ardhini?

Hofu hiyo ina msingi wa kikemia. Katika maji yasiyo na oksijeni, chuma hulika polepole, hutoa haidrojeni na kupandisha pH (kipimo cha uasidi na ualkali) hadi 9 au zaidi. Kalisi na kaboneti zilizokuwa zimeyeyuka huganda kuwa chokaa, sawa na ule utando mweupe unaoshika ndani ya birika, huku chuma chenyewe kikigeuka madini yenye ujazo mkubwa kuliko wake wa awali. Magnetaiti, kwa mfano, hutaka takribani mara mbili ya nafasi ya chuma kilichoizaa. Viputo vya haidrojeni hukwama kati ya chembe, na bakteria wanaotumia salfeti huacha salfidi za chuma.

Wenye mashaka huelekeza kidole Oak Ridge, Tennessee, ambako ukuta uliojengwa mwaka 1997 ulipokea maji yenye urani na naitreti (chumvi ya nitrojeni inayoharakisha kulika kwa chuma) nyingi mno. Kabla ya miaka mitatu kuisha, sampuli zilizochimbuliwa zilionyesha chembe za chuma zimeshikana na kuwa ngumu mithili ya zege mahali maji yanapoingilia. Monticello, Utah, kwenye mabaki ya kinu cha urani, ukuta wa mwaka 1999 ulizibwa na chokaa kiasi kwamba maji yalianza kujaa mbele yake na kutafuta njia ya pembeni.

Upande wa pili una ushahidi wake, na si mdogo. Huko Elizabeth City, North Carolina, katika kituo cha Walinzi wa Pwani wa Marekani, ukuta wenye urefu wa mita 46 na unene wa sentimita 60 uliwekwa mwaka 1996 kuzuia kromiamu iliyovuja kutoka karakana ya kupaka vyuma. Tathmini ya miaka 15 ilikuta kromiamu bado inaondolewa. Sampuli za huko zilionyesha kwamba mgando mwingi hukusanyika katika sentimita chache za kwanza upande wa kuingilia maji, na nyuma yake chuma bado ni chembechembe zilizoachana.

Kwa maoni yangu, pande hizi mbili zinabishana juu ya maji tofauti. Ukuta unaopokea naitreti na chokaa nyingi utazeeka haraka, na ule unaopitisha maji yenye vitu hivyo kidogo utadumu. Kutaja idadi moja ya miaka kwa kuta zote ni kumdanganya mwenye kulipa. Ila kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya kuziba kwenyewe. Ukuta ukiziba nusu, visima vya uchunguzi vilivyo ndani yake huendelea kuonyesha maji safi, kwa sababu maji machache yanayopenya hukaa na chuma muda mrefu zaidi na husafika vizuri sana, ilhali sumu imekwisha kuzunguka ncha za ukuta au kupita chini yake. Mhandisi anayepima kemia peke yake atasoma ushindi mahali palipo na hasara. Kwa hiyo vimo vya maji mbele na nyuma ya ukuta, na visima kwenye ncha zake mbili, vinapaswa kupimwa kwa ukawaida uleule wa kupima sumu.

Kuhusu ujenzi, Chicgoua Noubactep, mwanasayansi mzaliwa wa Kamerun aliyefanya kazi Göttingen, Ujerumani, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba kuvimba kwa kutu ni lazima kuhesabiwe tangu kwenye usanifu, na kwamba chuma kichanganywe na mchanga badala ya kujazwa kikiwa kitupu. Hoja hiyo ina nguvu, na Borden inaiunga mkono. Kinachopotea ni akiba ya chuma: ukuta uleule ukiwa na chuma kidogo hauna budi kuwa mnene zaidi. Hata hivyo ningechagua unene huo, maana kufukua ukuta ulioganda, hasa uliokwisha kunasa urani, huzalisha taka nyingine ya sumu, na kuusuuza kwa asidi huyeyusha chuma kilekile kinachohitajika. Gharama ya kuubadilisha au kuufukua ingefaa kuandikwa katika bajeti ya mradi siku ya kwanza, kabla haujalinganishwa na njia ya kuvuta maji juu na kuyasafisha kwa pampu zinazotaka umeme kwa miongo kadhaa.