Mshika Tochi

Kwa miaka 26 ya ndoa nilikuwa na cheo kimoja tu katika ufundi: mshika tochi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alitengeneza kila kitu. Bomba, umeme, makabati, paa, viatu vya watoto, na mara moja meno ya bandia ya jirani. Mimi nilimulika. Alikuwa akilala chali chini ya sinki, miguu imebaki nje, halafu sauti inatokea huko ndani: "Mama, mulika ninapofanya kazi, siyo unapotazama wewe."

Niseme ukweli mapema, nisije nikamsifu hadi mkadhani nilizika injinia. Alikuwa fundi hodari, ila kazi zake zilikuwa na masharti kama dawa za mganga. Mlango wa chumbani unafunguka ukiuinua kidogo huku unausukuma kwa goti. Redio inakamata ukiiwekea kijiko juu, na si kijiko chochote. Swichi ya korido inawasha taa ya bafuni, ya bafuni inawasha taa ya nje, na ile ya nje hatujui inawasha nini mpaka leo. Kila alipomaliza kutengeneza kitu, skrubu mbili tatu zilibaki mezani. Wala hakushtuka. "Kiwandani huwa wanazidisha," anasema, anazitia kwenye kopo. Alipofariki kopo lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Pasi yetu bado inafanya kazi. Imeshikiliwa na nini, sijui na siulizi.

Watu walimpenda sana. Tulipokuwa bado tunapokea pole, bwana mmoja alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamelowa, akasema pengo hili halizibiki. Kisha akanisogelea sikioni: "Samahani shemeji, ile feni yangu... alikuwa ameshaifungua?" Alikuwa ameshaifungua. Ilikuwa chini ya kitanda, vipande 14. Nikampa kwenye mfuko.

Sasa basi. Miezi minne baadaye koki ya sinki la jikoni ikaanza kudondosha. Mchana haikunisumbua, lakini usiku, nyumba ikishatulia: to, to, to. Ugonjwa wake niliujua. Ni washa, kile kimpira cha ndani kinachoziba tundu la maji. Kikishakakamaa au kulika, hata ukaze hadi mkono uchoke, maji yatapenya tu, na huko kukaza ndiko kunakokimaliza kabisa. Nimemulika washa ngapi katika maisha yangu! Nikasema, fundi wa nini?

Nikatoa sanduku lake. Nikapanga vyombo sakafuni kama alivyokuwa akivipanga: bisibisi, plaizi, ile tepu nyeupe ya kuzungushia kwenye nyuzi (ile michirizi ya kukazia bomba), washa mpya ya nusu inchi, na spana malaya. Mnisamehe, ndilo jina lake; mwenzangu alilitamka hata mbele ya mama mkwe wake. Nikamwita kitinda mimba wangu aje anishikie tochi. Nilijiona nimepandishwa cheo.

Kwanza unafunga maji. Chini ya sinki kuna valvu yenye mkono mwekundu, na hiyo haina fumbo, ni robo mzunguko tu: mkono ukilala sambamba na bomba, maji yanapita, ukikaa msalaba, yamefungwa. Nikachungulia. Mkono umekaa msalaba. Kumbe yamefungwa tayari!

"Mama," mwanangu akasema, "mbona asubuhi tumeoshea vyombo hapa?"

Nikamwambia ashike tochi.

Hata hivyo nikafungua koki kidogo, kuhakikisha. Maji yakatoka. "Haya ni mabaki ya kwenye bomba," nikamweleza, kwa ile sauti aliyoitumia baba yake kueleza habari za kiwandani. Mabaki yalipochelewa kuisha nikaifunga koki, nikaweka spana.

Mzunguko wa kwanza, kijasho chembamba kwenye nyuzi. Wa pili, mluzi. Wa tatu sikuuzungusha mimi. Kichwa cha koki kilitoka chenyewe, kikagonga dari, kikarudi kikavunja sahani, na nyuma yake mabaki yakasimama wima kama mnazi.

Nikaweka kiganja. Usiweke kiganja. Maji yaliyokuwa yanaenda juu sasa yanaenda pande zote, yaani ukutani, kabatini, na mdomoni mwa mtoto aliyekuwa anajaribu kusema jambo. Nikafunika kwa sufuria, tukapata mwavuli wa maji. Katika kuhangaika huko nikapiga kelele, "Baba watoto! Baba watoto, njoo!" Nikaita mara mbili, ndipo nikakumbuka.

Na wakati wote huo kijana wangu, saa sita mchana, jua linawaka dirishani, ananimulika tochi machoni.

"Mulika ninapofanya kazi!" nikafoka. "Siyo unapotazama wewe!"

Tukatazamana. Maji yakaendelea.

Ilibaki valvu kuu. Iko wapi? Miaka yote nilipomuuliza, jibu lilikuwa, "Ipo pale." Mtoto akakimbilia daftari la marehemu, akasoma kwa sauti akiwa amelishikilia juu ya kichwa lisilowe: "Valvu kuu, tazama nyuma." Nyuma ya nini? Ya nyumba? Ya tangi? Akageuza daftari, akatazama nyuma yake. Kulikuwa na mchoro wa feni.

Nilipogeuka kwenda kuitafuta, mguu ukateleza. Nikaenda chini wima wima, nikaburuzika hadi kichwa kikaingia chini ya sinki, miguu ikabaki nje. Nimelala chali kwenye dimbwi, natazama juu, na kwa mara ya kwanza maishani nikaiona ile valvu kutokea upande aliokuwa akiiona yeye. Ubavuni mwa bomba, chini kabisa, mahali ambapo mshika tochi hawezi kupaona, kuna maandishi ya rangi nyeupe, herufi kubwa kubwa za mtu anayeandika akiwa amelala:

MKONO NIMEUFUNGA UPANDE. MSALABA = WAZI.

Nikaunyoosha mkono mwekundu ukalala na bomba. Kimya. Mwavuli ukaanguka, sufuria ikabingirika sakafuni.

Sikuinuka.

"Mama, umeumia?"

"Hapana. Nasoma."

Kesho yake nikaita fundi, maana nyuzi za kile kichwa ziliharibika kilipogonga dari. Kijana mdogo, mwenye adabu. Akaingia chini ya sinki, akakaa kimya muda mrefu kidogo.

"Mama, nani aliandika hivi?"

"Mwenye nyumba."

"Nikuwekee mkono sawasawa?"

"Uache hivyo hivyo."

Akahema. Kisha akauliza kama kuna mtu wa kumshikia tochi. Mwanangu akanyoosha mkono. Nikamnyang'anya, nikapiga magoti, nikamulika, na yule fundi tangu alipoanza hadi alipomaliza hakunielekeza hata mara moja.