Acha Injini Ipige Kelele

Karibu kila aliyefundishwa pikipiki na rafiki au kaka yake alipewa ushauri uleule: pandisha gia mapema, usiichoshe injini. Nami nilipewa. Kwa miaka kadhaa nikajisifu kuwa na mkono mwepesi, maana namba nne ilikuwa imeshaingia kabla pikipiki haijachangamka. Siku hizi nauona upole ule kwa jicho jingine. Nilikuwa naitesa injini kimyakimya.

Nilizinduka mlimani. Nina abiria nyuma, nipo namba nne, mwendo unapungua. Nikavuta mafuta hadi mwisho. Injini ikanguruma tu, sauti nzito ya chini, mnyororo ukirukaruka na tanki likitetemeka kati ya magoti. Nyuma yangu lipo lori. Nikaanza kushusha gia kwa hofu, moja baada ya nyingine, mpaka abiria akauliza kama mafuta yamekwisha.

Mafuta yalikuwepo, kilichokosekana ni mizunguko. Injini ya pistoni moja ya mipigo minne husukumwa na moto mara moja tu katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hupata misukumo kama 17 kwa sekunde. Ikifika 6,000, hupata 50. Sasa uwe na mzigo mmoja wa kuupeleka juu ya mlima: utaugawa kwa safari 17 au kwa safari 50? Kwa mizunguko michache kila msukumo lazima uwe mkubwa, na nguvu hiyo yote inatua kwenye pistoni, fimbo yake na beringi za krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, tena wakati pampu ya oili nayo inazunguka polepole. Ndiyo maana huwa nacheka kidogo mtu akiniambia kelele ndiyo inayoua injini. Sauti kali ya mizunguko ya kati ni injini iliyo kazini. Ya kuogopa ni ile ya kugonga, kama mtu anayetikisa kokoto ndani ya kopo.

Simaanishi ukae kwenye mstari mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko ya injini. Huko juu springi za valvu hushindwa kuifuata kasi, na nguvu yenyewe huwa imeshaanza kushuka. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kidhibiti cha mizunguko hukata moto au mafuta, basi. Ukiwa kasi sana ukashusha gia mbili kwa pamoja na kuachia klachi, tairi ndilo litakaloizungusha injini kupita kipimo, na hakuna kidhibiti cha kulizuia. Barabara ikiwa na maji, tairi hilohilo linaweza kugoma na kuteleza. Shusha moja moja, piga resi kidogo klachi ikiwa imeshikwa, kisha iachie taratibu.

Lakini hoja yangu hasa ni hii: wengi tunachagua gia kwa mwendo tulio nao, wakati ilipaswa tuichague kwa barabara iliyo mbele. Kona inakuja? Gia iingie kabla ya kulaza pikipiki, si katikati yake, ambapo mtikisiko mdogo wa mnyororo unatosha kukuharibia mstari. Mlima unakuja? Shusha wakati bado una mwendo, maana mwendo ukishapotea utahitaji gia ya chini zaidi kuurudisha. Kulipita gari? Shusha kwanza, ndipo utoke. Anayetoka ubavuni mwa lori akiwa namba tano huku injini inavuta kwa kusitasita ameongeza sekunde kwenye upande usio wake, na sekunde hizo hazinunuliki.

Mteremkoni wengine hutia nyutro ili wabane mafuta. Hapo sina subira hata kidogo. Unakuwa umebaki na breki pekee, nazo zikipata moto kwenye mteremko mrefu hulegea. Gia ile ambayo ungepandia mlima huo ndiyo ya kuushukia, injini ikuzuie.

Kuhusu ulaji wa mafuta, wenye gia za juu wana haki yao. Barabara tambarare, mwendo uliotulia, mkono umevuta kidogo tu: namba ya juu ni sahihi, na kung'ang'ania namba tatu hapo ni kuchoma mafuta bure. Kipimo changu ni kimoja, maana pikipiki nyingi ndogo hazina hata mshale wa mizunguko. Naongeza mafuta kidogo na kusikiliza. Ikiitika mara moja, gia ni hiyo. Ikisita au ikitetema, nashusha moja.

Mlima ule bado naupanda. Sasa nashusha hadi namba mbili pale chini, kabla ya kuuanza. Juzi abiria mwingine aliniambia naiua injini kwa makelele. Nikamwambia ashike vizuri.