Kabla ya kuuliza "ni mali?", sema limetoka wapi

Mwaka juzi jirani yangu wa Mtongani, Kunduchi, alimwagiwa lori la mawe ya matumbawe kwa ajili ya msingi wa uzio. Fundi alipokuwa akiyapanga, moja akaliweka pembeni. Lilikuwa pana kama sahani ya pilau, lina matuta manene yanayopanda na kushuka kama bati la mgongo mpana, na pale lilipovunjika palikuwa na weupe kama wa kaure. Kufika jioni lilikuwa limeshapata majina matatu: gego la nyangumi, taya la mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria wa kule Lindi, na la tatu, la mama anayetuuzia chapati, "kitu cha watu, kirudisheni." Kisha likaja lile swali ambalo mjini hapa huulizwa kila kinapofukuliwa kitu, iwe rupia ya Mjerumani au chupa ya zamani: hii ni mali?

Tukalipiga picha. Kijana wa ukoo wetu aliyesomea jiolojia akajibu baada ya siku mbili kwa maneno manne: "Ni kombe. Limetoka wapi?" Jirani yangu akasoma mawili ya kwanza, akacheka, akalitupa jiwe langoni. Mimi yakanikaa kichwani yale mawili ya mwisho.

Maana jibu la kijana halikutoka kwenye picha peke yake. Mawe ya Kunduchi, Msasani na Oysterbay ni matumbawe yaliyokuwa hai bahari ilipokuwa imepanda kuliko leo, zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Kombe kubwa, kiumbe wa baharini mwenye magamba mawili mazito, jamii ambayo wataalamu huiita Tridacna, ndimo linamoishi. Mjusi wa Tendaguru hawezi kuwamo hata ukimtafuta kwa tochi: yeye ni wa miaka milioni 150 iliyopita, na wenzake wa mwisho walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Lakini lori lilelile lingekuwa limetoka upande wa Kidugallo au Ngerengere, kando ya reli ya kati, ambako kuna miamba ya bahari ya zama hizo za mijusi, swali lingeanza upya. Jiwe lile, picha ile, jibu lingine.

Hapa ndipo ulipo ubishi kuhusu waokotaji wa kawaida na visukuku vyao, yaani masalia ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. Je, mtaalamu anayepokea picha ya mtu asiyemjua amjibu, au anyamaze?

Wanaotaka anyamaze wana hoja, tena nzito. Kwanza ni uchovu. Mengi yanayoletwa si masalia ya chochote. "Yai la dinosaria" mara nyingi ni udongo au mchanga ulioganda kuzunguka punje mpaka ukawa mviringo. "Jani la mti wa kale" ni madini ya manganizi yaliyopenya kwenye ufa wa jiwe yakachora matawi mazuri kuliko ya mti wenyewe. "Mfupa" wa ufukweni unaweza kuwa chokaa iliyojijenga kuzunguka mzizi, au paja la ng'ombe wa Idi ya miaka mitano nyuma. Na picha zenyewe! Jiwe limeshikwa mkononi gizani, halina rula wala shilingi ya kupimia ukubwa, limepigwa upande mmoja, na chini yake: "Wataalamu, semeni."

Uchovu unavumilika. Hoja ya pili ndiyo inayonifanya nisite. Kisukuku kilichong'olewa bila kuandikwa kilikuwa tabaka gani na kimelala na nini kimepoteza sehemu kubwa ya habari zake, na hakuna gundi ya kuzirudisha. Mtaalamu akijibu "huo ni mfupa wa kale kweli", kesho yake mtu yule anarudi na sururu, na keshokutwa dalali anakuja na bei. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haikutungwa kwa mzaha: kuchimba vitu vya aina hii kunahitaji kibali, kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali, na aliyevikuta anatakiwa kutoa taarifa. Anayejibu kwa furaha bila kuyasema hayo anaweza kuwa amewasha moto bila kukusudia.

Tena kuna kisa cha Piltdown, ambacho wapenda ukimya hawaachi kukitaja. Mwaka 1912 Charles Dawson, mwanasheria wa Uingereza aliyependa kuokota mambo ya kale, alileta vipande vya fuvu vilivyosemekana ni vya babu wa binadamu. Ilichukua hadi 1953 kuthibitika kwamba ni fuvu la mtu lililooanishwa na taya la orangutani, vyote vimepakwa rangi vionekane vikongwe. Kisa ni cha kweli, lakini nadhani kinasomwa nusu. Mwokotaji alileta udanganyifu. Waliompa "babu" huyo jina la kisayansi na kumtetea kwa miaka mingi walikuwa watu wa vyuo na makumbusho. Kumfungia mwokotaji mlango kusingelitibu hilo.

Upande wa pili una historia mkononi. Tendaguru yenyewe iliingia kwenye vitabu kwa sababu ya mhandisi wa madini, Bernhard Sattler, aliyeona mwaka 1906 mifupa mikubwa imejitokeza njiani akatoa taarifa. Hakuwa mtaalamu wa mifupa. Wataalamu walikuja kutoka Berlin mwaka 1909, wakachimba hadi 1913, na aliyesimamia kazi pale alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye ujuzi wake wa kuitambua na kuitoa mifupa ulitoka kwenye mikono na macho. Mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Tunapodai mjusi wetu aliyesimama Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13, jina la Boheti tulitaje pamoja.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mbali. Januari 1983 fundi bomba wa Uingereza, William Walker, aliokota ukucha mkubwa kwenye shimo la udongo huko Surrey. Ukapelekwa makumbusho ya London. Wataalamu hawakuishia kuushangaa. Walirudi shimoni na kuchimba sehemu kubwa ya mifupa ya mnyama ambaye sayansi haikuwa ikimjua, akaitwa Baryonyx walkeri mwaka 1986. Ukucha ule ungekuwa pambo la kabati kama Walker asingeweza kusema aliutoa wapi. Na angeweza kusema yote hayo bure kama aliyeko upande wa pili angeamua kunyamaza.

Kwa Dar es Salaam hoja hii ina uzito wa pekee, kwa sababu ardhi yetu inafukuliwa kila siku na watu wasio watafiti. Chokaa ya Wazo inageuzwa saruji. Matumbawe yanapasuliwa kuwa kokoto. Mitaro ya barabara na misingi ya maghorofa inashuka chini kuliko mtafiti yeyote atakavyopata fedha za kushuka. Jicho la kwanza kufika ni la kibarua mwenye sururu, na muda alionao ni wa dakika chache kabla msimamizi hajamfokea. Ukimya wa mtaalamu hauliachi jiwe salama ardhini. Unaliacha liingie kwenye zege.

Kwa hiyo mimi naegemea upande wa kujibu, ila si jibu lolote. Swali la "limetoka wapi" litangulie jina. Aliyelipeleka aambiwe asichimbe zaidi, apige picha ya mahali pamoja na jiwe, aweke sarafu kando yake, aandike jina la shimo na kina. Kama bado limeshikamana na mwamba, aliache hapo. Bei isitajwe kabisa. Mtaalamu anayekisia bei ameacha kazi yake na kufanya ya dalali. Na masihara ya kulamba jiwe kuona kama linanata ulimini (mfupa wa kale hunata kweli, kwa vile una vitundu) yaachiwe wanaojua wanalamba nini. Mitaro yetu naijua.

Kuna kikwazo kimoja ambacho kambi zote mbili hukipita haraka: woga. Mtu wa Mtongani haogopi kukosea jina la jiwe, anaogopa kuulizwa maswali, na anaogopa zaidi kusikia kiwanja chake sasa ni "eneo la kihistoria". Hajui aanzie mlango gani. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert tangu 1940, na Chuo Kikuu kina watu wa jiolojia na wa akiolojia, lakini kwake hayo ni majengo ya kupita kwenye daladala. Kumkumbusha sheria kabla hajasalimiwa ni kumfundisha kuficha. Sheria inamtaka atoe taarifa. Basi anayeipokea awe na uso wa kupokea.

Wiki iliyopita nilikwenda kulitazama lile kombe. Bado linazuia lango la jirani lisipigwe na upepo. Nikamtafuta dereva wa lori, nikamuuliza siku ile mawe aliyatoa shimo gani. Akafikiri kidogo. "Mzee, siku ile nilipakia sehemu mbili."